Ufalme Ulio Nyuma ya Duka

Njoroge alikuwa akimwonea wivu mzee ambaye hajawahi hata kumpa mkono. Nalisema mapema, maana mwenyewe angelikataa kwa kiapo. Angekuambia kwamba yeye ni mtu mzima, dereva wa basi la ghorofa, mwenye nyumba yake ya kupanga Edmonton, London, na akili zake timamu, na mtu wa namna hiyo hana nafasi ya kumhusudu mstaafu mmoja wa Kihindi wa kule Kingsbury. Halafu angeanza kukueleza ubaya wa mstaafu huyo, na chai yako ingepoa huku ukimsikiliza.

Kisa chenyewe ni Bridget, binti yake wa pekee.

Njoroge ni Mkikuyu wa Changamwe. Baba yake alihamishiwa Mombasa na kazi ya reli, na mtoto akakulia huko, Kikuyu chake kikawa cha kuitikia salamu tu. Lugha aliyochezea, aliyogombania na aliyotongozea ni Kiswahili, na kwa Kiswahili chake ana maringo ambayo hata Wamombasa wenyewe humcheka. London alikuja kusomea uhasibu. Uhasibu ukamshinda, au yeye akaushinda kwa kutoingia darasani, akaangukia kwenye maghala, kisha kwenye mabasi, na kwenye mabasi akatulia. Alimwoa Emma, nesi wa Kisii, wakazaa Bridget, wakagombana kwa miaka, wakaachana kwa amani. Emma akahamia Kingsbury na mtoto. Makubaliano yakawa kwamba Njoroge atamchukua Bridget kila Jumamosi asubuhi na kumrudisha Jumapili jioni.

Jumamosi ndiyo iliyomweka mjini. Siku za kazi anabeba umati wa watu kutoka Edmonton Green, wanapanda, wanagusisha kadi, wanashuka, na hakuna anayemwambia lolote ila aliyepitishwa kituo. Basi mtu kama huyo akimpata mtoto wake kwenye gari anataka mazungumzo. Lakini Bridget, kama watoto wengi waliozaliwa huku, Kiswahili anakisikia chote na kwacho hajibu hata kidogo. "Umeshiba, mama?" Njoroge huuliza. "Yeah." "Shule vipi wiki hii?" "Fine." Ukizitoa hizo mbili, njia nzima ya kwenda Edmonton ni sauti ya wipa.

Njoroge alijiambia kuwa ni umri. Alikuwa karibu kuyaamini hayo, mpaka Jumamosi zikaanza kumegwa.

Bridget alikuwa na rafiki shuleni, Amisha, ambaye familia yao ina duka la vyakula kwenye barabara ya Kingsbury: mchele, unga wa dengu, bamia, pilipili za kila rangi. Babu yake Amisha, Mzee Pravin, alikuwa amemwachia mwanawe duka na kubaki na stoo ya nyuma. Humo stoo, kila Jumamosi, aliwakusanya vijana wachache kuzunguka meza na kuchezesha mchezo. Si karata wala bao. Mzee husimulia nchi ambayo haipo, kila kijana hujifanya mtu wa nchi hiyo, hurushwa dadu kuamua nani kapona na nani kaanguka shimoni, na hadithi huendelea wiki kwa wiki bila kwisha. Nchi yenyewe ni ufalme wa viumbe wa hadithi za Kizungu wanaoitwa elves. Kwa Kiswahili Mzee Pravin aliwabatiza Wasioonekana.

Kwa ajili ya Wasioonekana, Njoroge akaambiwa asije tena asubuhi. Aje saa kumi na mbili jioni.

Alimpigia dada yake Teresia, anayeishi mitaa miwili kutoka kwake na ambaye kwa mambo ya kiroho hapendi mzaha.

"Wana masikio marefu?" Teresia aliuliza.

"Marefu, yamechongoka."

"Na wanaishi msituni, hawaonekani?"

"Ndiyo wasemavyo."

"Njoroge, hayo ni majini yamevalishwa suti. Nitaweka jina la mtoto kwenye maombi ya Ijumaa."

Hakusaidiwa na maombi, akaamua kusoma. Akiwa kwenye mapumziko, kwenye chumba cha madereva, alifungua simu na kuwatafuta hao elves. Alitegemea vile vijitu vya kofia nyekundu vya Krismasi. Akakuta habari nyingine kabisa. Katika hadithi hizo ni watu warefu, wazuri, wasiozeeka, waliojificha wao na nchi yao nzima, nyuma ya ukungu au chini ya kilima, au ndani ya msitu ambao ukiukatiza kwa njia ya kawaida unatokea upande wa pili hujaona kitu. Wafalme na malkia wao hawajitokezi. Wapo wenye raia ambao hawajawahi kuuona uso wa anayewatawala. Na mgeni akiingia kwa bahati, hapigwi wala hafungwi. Hupewa muziki na chakula kitamu, huketishwa vizuri, na kadiri anavyokaa ndivyo anavyosahau kwao. Akija kukumbuka na kurudi, anakuta mji wake una watu asiowajua.

Njoroge alizima simu. Ndiyo haya, alisema moyoni. Ndiyo haya hasa yanayofanyika kwenye stoo ya Kingsbury. Kuanzia siku hiyo hakumfikiria tena Pravin kama mzee mwenye duka. Alimwona ni mfalme aliyejificha nyuma ya magunia, mwenye nguvu ya kuwachukua watoto wa watu kwa chai na hadithi.

Akajaribu kushindana, masikini. Alikwenda kwenye duka la mapambo ya sherehe akanunua masikio ya mpira, marefu, yaliyochongoka, ya rangi ya mwili wa Mzungu. Akampa Bridget kwenye gari. Bridget aliyatazama kwa muda.

"Oh," alisema. "Thanks, Dad."

Jumamosi iliyofuata Njoroge aliyakuta yamesahauliwa kiti cha nyuma, sikio moja limekanyagwa.  Aliyatia kwenye boksi la gari, akaendesha mpaka kwake roho imemjaa nyongo.

Walikuja kukutana siku ya mvua. Bridget alichelewa kutoka, Njoroge akaingia dukani kumngoja, na kabla hajaamua asimame wapi, mzee mwembamba mwenye sweta la kijani alitokea nyuma huku mikono ameifungua.

"Wewe ndiyo Baba Bridget! Karibu, karibu bwana. Mimi mtu ya Kisumu kabisa. Kuja ndani, kuna chai ya tangawizi."

"Asante, mzee. Nimeacha gari vibaya," Njoroge alisema. Gari alikuwa ameliegesha vizuri kabisa.

"Hii msichana yako ni hatari. Akili mingi, maneno mingi. Akianza kuongea, sisi wote tunanyamaza."

Maneno mengi! Njoroge alijihisi kama mtu anayesimuliwa mke wake na jirani. Bridget gani huyo, anayeanza kuongea watu wakanyamaza?

"Najua," alisema, na hakuwa anajua.

"Siku moja ukae na sisi. Nitakupa kazi ndani ya hadithi. Utakuwa mgeni amepotea msituni."

"Mimi nimezoea kuendesha, mzee, sijazoea kupotea."

Mzee Pravin alicheka kwa moyo wote, akampiga bega. Hilo lilimuudhi Njoroge zaidi ya yote, kwamba mtu mwenyewe ni mzuri. Ungekuwa rahisi wivu kama angekuwa na kiburi.

Kwenye gari aliuliza kwa sauti ya kujifanya hajali. "Hivi mle ndani huwa mnaongea nini?"

"Can't say. It's the rules."

"Hata kwa baba?"

Bridget alitabasamu kidogo akitazama dirishani. "Especially dads."

Baada ya hapo ukaja mwezi wa tatu, na Jumapili moja, wakiwa wanakula ugali na sukuma, Bridget aliweka uma chini na kusema, kwa Kiingereza chake cha adabu, kwamba ana ombi. Hadithi ilikuwa imefika pagumu, na vipindi vingekuwa virefu sasa, mpaka usiku. Ingekuwa rahisi kwa kila mtu kama angelala kwa mama. Edmonton angekuja Jumapili kwa chakula cha mchana. Si kila Jumapili, lakini angejitahidi.

"Nitafikiria," Njoroge alisema.

Akaenda kuosha sahani moja kwa muda mrefu sana. Alijua yanakokwenda mambo ya "si kila Jumapili". Alikuwa na wenzake kazini waliopitia njia hiyo, leo wanawaona watoto wao kwenye picha za mahafali. Na atakuwa nani badala yake? Mzee wa Kisumu mwenye sweta la kijani, ambaye Bridget alimwita Babu bila kuambiwa na mtu. Wivu ulimpanda Njoroge mpaka masikio yakawaka moto. Akaamua: Jumamosi inayokuja anakwenda mapema, anaingia mpaka ndani, anamwambia mzee yule kwa Kiswahili kilichonyooka kwamba ana wajukuu wake, awachezeshe hao.

Zamu ya Jumamosi, aliyoanza kuichukua tangu asubuhi zake zibaki tupu, alibadilishana na mwenzake Bonface, akafika Kingsbury mchana jua likiwaka. Hotuba alikuwa nayo tayari, ameipanga tangu barabarani, kali lakini yenye heshima. Mwana wa Mzee Pravin, aliyekuwa akipima pilipili kwenye kaunta, alimwonyesha kwa kidevu ujia wa nyuma. Njoroge akapita kati ya magunia ya mchele mpaka kwenye mlango wa stoo. Ulikuwa umeachwa wazi kiasi cha kupitisha mkono.

Alikuwa ameinua ngumi abishe. Akasikia Kiswahili.

Kwanza ilikuwa sauti ya Mzee Pravin, nzito na ya polepole, akisimulia ukungu unaoshuka juu ya mto. Kisha kijana wa kiume, na kwa matamshi yake Njoroge alitambua mtoto wa Wakongo wa Bukavu: "Tufungule mulango, ao tuwaache inje?" Msichana mwingine akacheka na kusema neno la jikoni, pengine ni Amisha. Halafu akaanza kusema wa tatu.

Huyu alikuwa mwingine. Kiswahili chake kilikuwa na nyufa kila mahali, lakini kilikuwa kinatembea. Kilikuwa kinakimbia hasa, kinaruka shimo na kuendelea.

"Nyinyi watu wa nje," msichana alisema, "mmetembea siku mingi kuja kuona mtawala wetu. Kwa nini? Mimi nalinda huu mlango tangu nikiwa mdogo, na mimi pia sijui uso wake. Sijauliza. Kama anataka kukaa kimya, ni kwa sababu mlifanya kelele sana. Sasa niambieni ukweli. Mkiona yeye mtafanya nini? Mtapiga yeye picha?"

Mle ndani wote walinyamaza, kama Mzee Pravin alivyosema wangenyamaza. Na nje ya mlango Njoroge alisahau hotuba yake.  Kuna baba fulani, aliwaza, hapa hapa London, pengine naye ni dereva, ambaye jioni huketi na mtoto huyu na kuongea naye. Mtoto anambishia, anamuuliza, anamsimulia, kwa Kiswahili, na baba huyo analala usingizi wake bila kujua alicho nacho. Kafanya nini yeye ambacho mimi sikufanya? Wivu aliomwonea Pravin ulikuwa kitu cha kuchezea ukiuweka kando ya huu. Angekutana na baba huyo wakati ule, asingeweza kumsalimia.

Kisha yule kijana wa Kikongo akasema jambo la mzaha, na msichana akacheka.

Kicheko Njoroge alikijua. Alikijua tangu kikiwa hakina meno.

Alisogeza jicho kwenye upenyo. Bridget alikuwa amepiga magoti juu ya kiti, mtandio wa kijani kichwani, mikono yote miwili hewani, uso unang'aa. Mwanawe mwenyewe. Hakuwa ameitambua sauti yake, maana kwa lugha hiyo alikuwa hajaisikia tangu mtoto akiwa mdogo.

Mtu mwingine labda angelia, au angeondoka kwa ncha za vidole. Njoroge alitoa simu. Msimhukumu haraka. Furaha ilimzidi, na Mkenya akizidiwa na furaha huwa na pa kuipeleka: kikundi cha WhatsApp cha ukoo, shangazi zake wote, binamu, Teresia, watu waliomwambia miaka yote kuwa amelea Mwingereza. Leo watasikia. Aliipitisha simu kwenye upenyo, akabonyeza kurekodi, na mlango ukalia.

Bridget aligeuka. Aliitazama simu kwanza, ndipo akamtazama baba yake, na uso wake ukafungwa hivi hivi baba akiuona.

"Turn it off," alisema.

"Mama, ulikuwa unaongea vizuri sana, nilitaka tu..."

"I know what you wanted."

Akavua mtandio. Akazungumza kwa Kiingereza, polepole, bila kupandisha sauti, na pengine ndiyo mara ya kwanza alimwambia baba yake maneno mengi hivyo kwa mkupuo mmoja. Alikuwa na miaka saba, alisema. Aliombwa abariki chakula kwa Kiswahili mbele ya wageni, akajitahidi, akamshukuru Mungu kwa kuku aliyekufa kwa ajili yetu. Baba akairekodi, akaituma kwa ukoo mzima. Walipokwenda Mombasa Desemba ile, watu asiowajua walimpokea uwanja wa ndege wakiirudia ile sala. Binamu zake wanamwita Kuku mpaka leo. Na baba, alimaliza, ndiye aliyecheka kuliko wote.

Njoroge alifungua mdomo. Alitaka kusema kwamba kule kulikuwa kumpenda. Na ni kweli, kulikuwa kumpenda. Wote waliocheka uwanja wa ndege walikuwa wamefika alfajiri na maua kwa sababu wanampenda.

"Kwani hapa hawacheki?" aliuliza, na sauti ilimtoka ya mtu aliyeibiwa.

Mzee Pravin ndiye aliyejibu. "Hapa sisi wote tunavunja Kiswahili, bwana. Aristide anavunja ya Kongo, mimi navunja ya Kisumu, Amisha iko na maneno ya jikoni peke yake. Nani atacheka nani?"

Njoroge aliifuta ile rekodi. Akamnyooshea Bridget simu aone kuwa imekwenda. Bridget aliangalia, akatikisa kichwa kukubali, lakini hakuchukua mtandio wake mezani. Wakabaki hivyo, watoto wanatazama dadu zao, mpaka Mzee Pravin alipomsogelea Njoroge na kumshika kiwiko kwa upole.

"Baba Bridget, ungoje kidogo huko mbele."

Yaani alitolewa. Baba mzazi, aliyekuja kumtoa mtoto, akatolewa yeye, kwa adabu zote, na mlango ukarudishwa mpaka mwisho. Aliketi kwenye kigoda karibu na mifuko ya unga wa mahindi. Mwana wa mzee akamletea chai ya tangawizi, naye akainywa. Ilikuwa chai nzuri, na hilo nalo lilimkera. Baada ya muda mrefu alisikia sauti zikianza tena kule nyuma, kwanza ya mzee, kisha nyingine na nyingine. Mlango ulikuwa mzito, hakuweza kushika hata neno moja. Aliweza tu kujua ni nani anaongea, na Bridget aliongea sana. Wateja waliingia na kutoka, na Njoroge akakaa pale akimwonea wivu kila aliyekuwa ndani, mpaka na meza.

Walipoondoka foleni ya magari ilikuwa imefunga barabara. Wakasimama nyuma ya lori. Bridget alikuwa ameegemeza kichwa kwenye kioo. Njoroge akasema kwa Kiingereza, lugha ambayo hajawahi kumsemesha mtoto wake hata siku moja, na ikamtoka kama tangazo la basini.

"You can have your Saturdays."

Bridget aligeuka. "Seriously?"

"Seriously. Sunday, I will cook. If you come."

"I'll come."

Lori likasogea, nao wakasogea. Njoroge alihesabu kuwa ameshapoteza kila kitu cha kupoteza, kwa hiyo kuuliza hakungemgharimu.

"What happened? After I went out."

 Bridget alikuwa akiuzungusha mtandio wa kijani kwenye vidole vyake, akiufungua na kuufunga. Kisha akasema, akitazama mbele barabarani:

"Siwezi kukuambia, Baba. Ni siri ya huko."

Njoroge aliubana usukani kwa mikono yote miwili. Kila kitu ndani yake kilitaka kupiga kelele, kumsifu, kusimamisha gari, kumpigia Teresia. Akakimeza chote, kikashuka kwa taabu.

"Sawa," akasema.

Wakaenda mpaka kwenye taa. Alijikaza kadiri alivyoweza, na kwa mtu wa aina yake alijikaza sana, lakini wivu haukumtoka.

"Mzee Pravin lakini anajua?"

"Yeye alikuwa pale," Bridget alisema.